Vipande vya Katoni Nilivyokupokonya

Mbotela, Jumamosi alasiri

Mwanangu Nasimiyu,

Sikuulizi habari za afya, maana asubuhi nimekusikia ukiimba bafuni mpaka jirani akagonga ukuta. Saa hii umeenda kusukwa nywele na mama yako bado yuko sokoni Gikomba, kwa hivyo nyumba ni yangu peke yangu kwa saa tatu hivi. Nimechagua wakati huu makusudi. Nikingoja mrudi nitapata sababu ya kunyamaza, na mimi sababu za kunyamaza huwa sizikosi.

Mambo ya blanketi, kufuli, na watu wa kutowaazima sahani, mama yako ameshakwambia mara tatu na ya nne inakuja leo jioni. Mimi siongezi. Nimebaki na jambo moja tu, na lina miaka kumi na mmoja. Kesho unaenda chuo cha ualimu ukiamini kitu fulani kuhusu kichwa chako. Kitu hicho ni uongo, na aliyeutunga ni mimi. Sitaki upande basi nao.

Utauliza kwa nini sikwambii kwa mdomo. Nilikudanganya kwa mdomo, Mama, na tangu siku hiyo mdomo wangu siuamini. Kwenye karatasi naenda polepole. Nikiandika uongo nauona umekaa pale unanitazama, naufuta.

Unajua mimi ni mtu wa kushuku. Mama yako husema nikifika mbinguni nitamwitisha malaika kitambulisho. Ni kazi imenifanya hivi. Miaka ishirini na miwili nimesimama kwenye geti la godauni la vipuri kule Industrial Area, na kila anayetoka jioni lazima apite mikononi mwangu. Nimekuta beringi ndani ya ugali. Nimekuta waya wa shaba umezungushwa kiunoni kama shanga, tena kwa mtu aliyekuwa akituombea chakula kila saa saba. Ukipekua watu kwa muda huo wote, mikono inaanza kufikiri badala ya kichwa. Siku hizi muuza mayai akiniongezea moja naligeuzageuza kwenye mwanga. Barua yako ya chuo ilipokuja nilipiga ile namba iliyoandikwa juu yake mara mbili kwa simu mbili tofauti, nisikie kama ni sauti ile ile. Ilikuwa ni ile ile, na hata hilo likanitia wasiwasi.

Na kitu nilichokishuku kuliko vyote ni Kiingereza. Kiswahili hakina njama. Ki-ta-bu. Ma-che-o. Kila herufi iko kazini na inafanya kazi yake. Kiingereza kimejaa herufi hewa, kama wale wafanyakazi hewa tunaowasikia redioni, jina liko kwenye orodha lakini mtu mwenyewe hujawahi kumwona. Neno kama "knight" lina herufi sita na zinazofanya kazi ni tatu. Likiwa refu ndio kabisa, unaona msururu wa herufi kumi na mbili na hujui mwizi ni nani.

Sasa nikurudishe nyuma. Ulikuwa na miaka minane. Kiswahili ulikuwa unakisoma mbio, lakini Kiingereza kikikuletea neno refu ulikuwa unatazama herufi mbili za mwanzo halafu unabahatisha. Ukiona "important" unasema "impossible." Ukikosolewa unasema "improve." Ukikosolewa tena unalia. Nyumba ya nne kutoka kwetu alikaa Mwalimu Felista. Alikuwa amestaafu, anaishi peke yake, na kila alasiri alitoa benchi nje akawakusanya watoto sita saba akawafundisha kusoma. Mama yako akakupeleka. Mwalimu hakuitisha chochote, hata sukari. Hapo ndipo nilipoanza kumtazama yule mama vizuri. Nikajiuliza, mtu wa bure anataka nini?

Siku moja nikienda kazini nikawaona mmekaa mstari. Macho mmefumba, kila mmoja ameweka mkono chini ya kidevu, mnanong'ona vitu vipande vipande, na videvu vinashuka na kupanda pamoja. Nilisimama nyuma ya tangi la maji nikaangalia mpaka nikachelewa kazini. Siku zile estate ilikuwa imejaa uvumi wa vijikanisa vinavyochukua watoto wa watu taratibu, kwanza wimbo, kisha sala, kisha mtoto hamjui mama yake. Nilidhani nimeona mwanzo wake kwa macho yangu.

Jioni ya Ijumaa uliporudi nilikupekua. Ndiyo, nilikuwa nakupekua, na wewe ulikuwa umezoea, ukifika mlangoni unainua mikono juu ukicheka. Ulidhani ni mchezo wa baba na binti. Mimi pia nilijiambia ni mchezo, lakini mikono yangu haikuwa inacheza. Siku hiyo ndani ya soksi nikapata pakiti ya unga imekunjwa. Ndani yake kulikuwa na vipande vya katoni, kama thelathini, vimekatwa kwa makasi na kuandikwa kwa kalamu nyekundu. Nikavimwaga mezani. Tion. Ness. Un. Pre. Ment. Re. Nikavigeuza huku na huku. Havikuwa Kiingereza nilichokijua, havikuwa Kiswahili, na Kibukusu havikuwa.

"Hii ni nini?" nikakuuliza.

"Ni siri ya Mwalimu."

"Siri gani?"

"Amesema tusionyeshe mtu mpaka neno liungane. Daddy, plis, usizichanganye."

Sijui kama unakumbuka uso wangu. Wewe ulikuwa unavipanga tena mezani, ulimi umeutoa nje kidogo kama unavyofanya mpaka leo ukitunga uzi kwenye sindano. Mimi nilisikia neno moja tu, siri. Nikavizoa vyote nikavitia mfukoni mwa koti la kazi. Ulilia mpaka ukalala bila kula.

Kesho yake, Jumamosi, nikakufungia ndani nikaenda kwa Mwalimu. Akina mama walikuwa bombani wamepanga mitungi. Mwalimu alikuwa anafuta benchi.

"Baba Nasimiyu, karibu kiti."

"Sikuja kukaa. Fungua kikapu."

Akanitazama. "Kikapu kina nini?"

"Hilo ndilo nataka kuona."

Nilikichukua mwenyewe nikakipindua chini. Makasi, kalamu mbili, katoni ya maziwa iliyokatwa nusu, miwani, kitambaa. Vitu vya mtu mzima vikatawanyika kwenye vumbi, na wale wa bombani wakaacha maji yakafurika. Basi ningeishia hapo. Lakini mikono ilikuwa imeshaanza, na haijui kuishia katikati. Nikamwambia inua mikono. Kazini kwetu wanawake hupekuliwa na mwanamke, hiyo ni sheria na mimi mwenyewe huwafundisha vijana wapya. Yule mama aliinua mikono. Nikampapasa mifuko ya aproni mbele ya watu, mtu wa umri wa mama yangu mzazi, bibi yako uliyechukua jina lake. Nikakuta kipande cha chaki.

"Umemaliza?" akaniuliza.

Nikaondoka.

Njiani kurudi nyumbani, hatua hamsini tu, nilijua nimefanya kitu kibaya. Nilijua pia kwamba majirani wanangoja maelezo, na mama yako akirudi kutoka sokoni atayataka. Ndipo nilipokifungua kinywa changu. Nilikukuta umekaa nyuma ya mlango, umesikia kelele. Nikakwambia, "Huyo Mwalimu wako amesema wewe ni mzito. Amesema kichwa chako hakishiki kitu na amechoka na wewe. Ndiyo maana nimemkasirikia. Hakuna mtu wa kumtukana mtoto wangu."

Hakusema hivyo. Hakusema neno lolote baya kukuhusu, siku ile wala siku nyingine. Nilikwambia wewe, nikamwambia mama yako, na mama yako akawaambia wale wa bombani. Kufikia Jumatatu laini yetu yote ya nyumba ilikuwa haimsalimii Mwalimu Felista, na mimi nikawa baba aliyempigania binti yake. Watoto wakaacha kwenda. Baada ya miezi miwili mwanawe akaja na pikapu akamhamishia Komarock.

Wewe uliamini yote mawili. Uliamini una baba shujaa na uliamini una kichwa kizito. Nilikuona ukikaa nyuma ya mtoto mrefu darasani ili usiitwe kusoma. Ulirudia darasa la nne. Shangazi yako wa Shauri Moyo alipokuuliza kwa nini umechagua kufundisha watoto wadogo, ulimjibu ukitabasamu, "Mimi nitabaki na wale wa ABC tu, auntie. Maneno marefu yananishinda." Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikunywa yote kwa mara moja, ikaniunguza, nikasema nimepaliwa.

Sasa nikueleze nilivyojua zile katoni zilikuwa nini, kwa sababu hii nayo umefichwa.

Baba yako ana mwandiko mzuri, si ndiyo? Kila mtu husifu kitabu changu cha geti. Lakini Mama, miaka mingi nilikuwa nachora. Karatasi ya mizigo ikija na maneno ya Kiingereza, nilikuwa nanakili herufi moja moja kama mtu anayechora nyumba asiyoingia. Maneno mafupi nilisoma. Marefu niliyachora tu, na hakuna aliyejua kwa sababu yametoka safi. Niliacha shule darasa la tano kule Bungoma kabla hayo marefu hayajaanza kuja kwa wingi.

Miaka miwili baada ya Mwalimu kuhama, kampuni ikabadilisha utaratibu. Lori likitoka, soja wa geti apige simu ofisini asome orodha kwa sauti. Siku ya kwanza akanipokea kijana wa ofisi, Otieno.

"Haya soja, nisomee. Ya kwanza ni nini?"

Nikaitazama ile ya kwanza. Ilikuwa ndefu kuliko jina la ukoo wangu wote.

"Soja? Buda, unasoma ama unatengeneza chai?"

Nikamwambia simu inakatakata. Nikaigonga ukutani kidogo ili aamini. Siku tatu simu ya geti ilikuwa "mbovu" na Otieno alikuwa anateremka mwenyewe ngazi mbili akilaani. Siku ya nne akasema atamleta fundi. Nikajua nimebakisha usiku mmoja kabla ya kuonekana mjinga mbele ya vijana ninaowapekua.

Kwenye kabati langu la kazini kulikuwa na ile pakiti ya unga. Nilikuwa nimeitunza kama ushahidi, sijui wa kesi gani. Siku hiyo mchana, wakati wa chakula, nikaimwaga mezani ndani ya kibanda, nadhani kwa hasira tu. Karatasi ya mizigo ilikuwa pembeni. Imeandikwa "replacement," chini yake "attachment," chini yake "compartment." Nikaona kipande kimoja cha katoni, cha kalamu nyekundu, "ment." Nikakiweka juu ya mkia wa neno la kwanza. Kikafunika sawasawa. Nikakishusha la pili, kikafunika. La tatu, kikafunika. Mwanzoni mwa lile la kwanza kulikuwa na "re," na "re" nayo nilikuwa nayo. Katikati kukabaki "place," na hilo nilikuwa nalijua tangu darasa la tatu.

Nilisema kwa sauti, peke yangu, "Re-place-ment." Halafu nikakaa chini, kwa sababu nilikuwa nimeelewa mambo mawili kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimesoma neno. Na nilikuwa nimempekua mwalimu wako kwa kosa la kukufundisha hivyo hivyo.

Fundi alipokuja kesho yake, simu ilikuwa imepona. Orodha ilikuwa fupi, nikaisoma nikitokwa jasho. Nilitumia katoni zako mwaka mzima. Nikaja nikaelewa hata habari ya kidevu, kwamba kikishuka mara moja umesema kipande kimoja, kikishuka mara nne vipande ni vinne. Dereva mmoja wa lori alinikuta nimeshika kidevu nikinong'ona akaniuliza kama jino linauma, na nikamwambia ndiyo, la nyuma. Leo nasoma gazeti la Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na watu wa kanisani hunipa kusoma matangazo. Kila wakisema, "Mzee Wekesa, ulisomea wapi?" nasema nilisomea kwetu. Ukweli ni kwamba nilisomea kwenye soksi yako. Nilikupokonya somo nikalisoma mimi, na wewe nikakuacha nyuma ya mtoto mrefu.

Kwa nini sikukurudishia? Jioni ile ile ya "replacement" nilikuja nayo mpaka mlangoni. Ulikuwa unamsimulia mtoto wa jirani vile baba yako alivyomwendea Mwalimu. Ulikuwa unaigiza mpaka sauti yangu. Nikaona nikitoa pakiti lazima nitoe na maelezo, na nikitoa maelezo sitakuwa tena yule mtu unayemwigiza. Nikaiacha mfukoni. Siku iliyofuata ikawa rahisi kidogo, na mwaka uliofuata rahisi zaidi. Naona haya kuandika neno rahisi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikwambie ninavyofanya mimi nikikutana na neno refu. Si kwamba nakufundisha kazi yako. Naanza na mkia, maana mikia ya Kiingereza ni michache na inajirudia. Tion, ment, ness, able. Nikishautambua naufunika kwa kidole. Halafu natazama kichwa, kama kuna un, re, dis au pre, nacho nakifunika. Kinachobaki katikati mara nyingi ni kaneno kafupi ambako nimekajua siku zote, kalikuwa kamevishwa koti tu. Kama kamebaki karefu bado, nashika kidevu. "Uncomfortable" ilinisumbua wiki mbili, na bado naishuku. Lakini mtoto akikukwamia akabahatisha, usimcheke na usimharakishe. Mwenye kubahatisha anajificha. Mimi nilijificha hivyo mpaka nywele zikaanza kuota mvi.

Na kushuku sikukatazi. Unaenda kukaa na watu usiowajua, funga sanduku lako. Ila nimejifunza kwamba nilikuwa nashuku kivivu. Nilikuwa nauliza swali ambalo jibu nimekuja nalo kutoka nyumbani. Siku ile kwenye meza ulikuwa na jibu lote mkononi. Ungepanga vile vipande kwa dakika mbili ningeona neno likiungana, na sikukupa dakika mbili. Ukimshuku mtu muulize, halafu usubiri amalize kujibu. Hiyo ya pili ndiyo iliyonishinda.

Sasa, kwa nini leo? Ni kwa sababu ya Jumapili iliyopita, tulipofanya maombi ya kukuaga hapa nyumbani. Ulisimama mbele ya watu wa kanisa ukasema, "Mimi ni mzito wa kushika vitu, mnanijua. Lakini nilikuwa na Daddy wa kunipigania." Watu wakapiga makofi. Mama yako akalia. Mchungaji akanishika bega. Nilitamani sakafu ifunguke.

Jumanne nilikuwa na off kazini, nikaenda Komarock kumtafuta Mwalimu. Aliyenipa habari za nyumba ni Mama Akoth, mmoja wa wale wa bombani, ambaye alinitazama sana kabla ya kunielekeza. Mwalimu Felista alifungua mlango mwenyewe. Amezeeka, lakini macho ni yale yale.

"Baba Nasimiyu," akasema, kama vile tuliachana jana. "Mtoto anasoma?"

"Amepata chuo cha ualimu."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Si nilijua! Huyo mtoto! Wenzake walikuwa wanakata neno popote makasi yanapoangukia. Yeye alikuwa anaona pale linapounganika. Sikuwa na mwingine mwepesi kama yeye kwenye lile benchi."

Mama, soma tena hapo. Hayo ndiyo maneno ya Mwalimu Felista kukuhusu. Wewe si mzito. Hukuwahi kuwa mzito hata siku moja.

Nilianza kumwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini ikatoka imejikunjakunja. Akanikatiza.

"Unataka kusema nini hasa?"

"Ningejua, nisingekupekua."

"Sema hilo la mwisho polepole. Kwa vipande, nikusikie."

"Ni-singe-ku-pekua."

"Haya," akasema. "Mimi yangu nimeisikia, na nilishapoa zamani. Sasa nenda kamwambie aliyedanganywa. Na umwambie yote. Usimwambie nusu ile inayokupendeza."

Nimekaa na maneno hayo siku nne. Nilipoisoma barua hii kutoka juu nimeona kwamba hata hapa nimekuletea nusu. Mtu akisoma mpaka hapa ataona baba mwenye shuku nyingi aliyekosea akilinda mtoto. Hiyo ndiyo nusu inayonipendeza. Nyingine ni hii.

Siku tatu baada ya kumpekua, Mwalimu Felista alikuja nyumbani kwetu. Wewe nilikuwa nimekupeleka kwa shangazi yako Shauri Moyo mpaka mambo yapoe, na mama yako alikuwa sokoni, kwa hivyo hamkujua. Alisimama pale mlangoni, hakuomba kuingia. Akasema, "Sikuja kwa ajili yangu. Huyo mtoto amebakisha kidogo sana. Ukimtoa sasa atapoteza hata alichonacho. Mlete. Njoo naye wewe mwenyewe, ukae kwenye benchi pamoja nao, uone kila kitu ninachofanya."

Nilisema hapana.

Na wakati huo, Mama, sikuwa namshuku tena. Nilishajua tangu nilipopindua kikapu kwamba hakuna kitu. Ningeweza kukurudishia mwalimu wako siku hiyo hiyo. Lakini alisema nikae kwenye benchi. Nilijiona nimekaa katikati ya watoto wa miaka minane, yeye anazungusha karatasi, kila mtoto anasoma neno lake, na zamu yangu inakuja. Wewe ungekuwa hapo pembeni yangu. Ungejua baba yako hawezi. Basi nikaona afadhali uonekane mzito wewe.

Hiyo ndiyo yote. Sina nusu nyingine.

Kuanzia hapa uamuzi ni wako. Mwalimu amesema ukitaka kumwona mlango uko wazi. Nimeandika jina la barabara na namba ya nyumba nyuma ya karatasi hii. Mama yako bado hajui. Nitamwambia kesho jioni ukishafika salama, na nitakubali atakachosema.

Basi lako linaondoka saa mbili asubuhi. Nimebadilishana zamu, niko huru. Ukiona huwezi kuwa na mimi kesho, nenda na mama yako. Sitauliza, na sitasimama dirishani. Ukitaka nikubebee mizigo, gonga tu mlango wa chumba chetu. Nitakuwa nimeamka tangu saa kumi na moja, nimekaa kitandani, nimevaa viatu.

Baba yako,
Wekesa